Kula baada ya kiharusi: tonge linapopotea njia (Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizopita zilieleza jinsi kiharusi kinavyotokea na kwa nini mgonjwa awahishwe hospitali. Leo tuingie wodini, saa ya kutazama wagonjwa. Ndugu wamefika na uji na mtori. Mgonjwa amefumbua macho, kila mtu anamshukuru Mungu, lakini kijiko cha kwanza kinampalia. Anapigwapigwa mgongoni, akitulia anaongezewa kingine, maana asipokula atapata wapi nguvu? Nia ni njema kabisa. Hata hivyo, kijiko hicho cha pili kinaweza kumuua.

Kumeza ni kazi ya ubongo kabla haijawa kazi ya koo. Ulimi hulikusanya tonge na kulisukuma nyuma, kaakaa laini huinuka kuziba njia ya pua, zoloto hupanda na kidakatonge hufunika njia ya hewa, ndipo umio hufunguka. Weka kidole kooni umeze mate, utalihisi zoloto likipanda. Wakati huohuo pumzi husimama kidogo. Yote haya hufanyika kwa sekunde chache, yakiongozwa na angalau jozi tano za mishipa ya fahamu itokayo kwenye ubongo. Kiharusi kikivuruga uongozi huo, chakula hufika kooni kabla njia ya hewa haijafungwa, nacho huteremkia mapafuni pamoja na bakteria wa kinywani. Hapo ndipo nimonia huanza.

Takriban nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida hii siku za mwanzo. Wengi wao hupona ndani ya wiki chache, na ndiyo maana inaumiza kumpoteza mtu katika siku hizo. Msisubiri kikohozi kama ishara pekee, kwani wapo ambao chakula huingia mapafuni bila wao kukohoa hata mara moja. Sikilizeni sauti: ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, acheni kumlisha. Tazameni pia mate yanayodondoka, chakula kilichobaki kwenye shavu la upande uliopooza, pumzi za haraka, au homa inayopanda siku moja au mbili baadaye.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba maji ndiyo hatari kuliko vyote. Yanakimbia, na koo lililochelewa haliyawahi. Chai, juisi na supu nyepesi ni vivyo hivyo. Wali nao una shida yake, punje hutawanyika mdomoni. Ukitiwa mchuzi mwepesi, mgonjwa anapambana na vitu viwili kwa mpigo. Wengi humudu vizuri zaidi uji mzito laini, mtori uliosagwa usio na vipande, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, au parachichi. Lakini kipi kinamfaa huyu wenu, hilo liamuliwe baada ya kupimwa.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine. Mgonjwa akiwa macho kabisa na ameketi wima, muuguzi aliyefundishwa humpa maji kidogo kidogo kwa kijiko, kisha kwa kikombe, akisikiliza sauti na kutazama koo. Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa vitengo 19 vya kiharusi huko New South Wales, Australia. Wauguzi walisimamia mambo matatu: homa, sukari na kumeza. Baada ya siku 90, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42, ilhali kwenye vitengo visivyopewa utaratibu huo walikuwa asilimia 58. Si kumeza peke yake kulikoleta tofauti hiyo, lakini yote matatu yako ndani ya uwezo wa wodi za kwetu.

Akiruhusiwa kula, aketi wima, si kulala na mto mmoja. Anayemlisha naye aketi, kwani ukisimama mgonjwa huinua kidevu na njia ya hewa hubaki wazi. Tumieni kijiko cha chai, mkisubiri zoloto lipande na kushuka kabla ya kingine. Redio izimwe, maswali yasubiri. Akimaliza abaki ameketi nusu saa, na kinywa kisafishwe, hata kwa asiyekula kitu. Vidonge msivisage kwa uamuzi wenu. Muulizeni mfamasia, kwani vingine vikisagwa hutoa dawa yote kwa mara moja.

Asiyeweza kumeza huwekewa mrija wa kulishia kupitia puani. Familia nyingi huukataa, zikidhani ni dalili ya mwisho. Sivyo. Kwa wengi ni wa muda, na humpa mgonjwa chakula, maji na dawa wakati koo likipata nafuu. Tafadhali msimwibie kijiko cha chai muuguzi akigeuka.

Muulizeni muuguzi siku ileile ya kulazwa: amepimwa kumeza? Jibu likiwa bado, ombeni apimwe, na hadi hapo asipewe kitu chochote kwa mdomo, hata maji.

Wiki ijayo: mazoezi ya koo na ulimi kwa mgonjwa aliyerudi nyumbani.