Funga Mfupa Uliovunjika, Lakini Usizuie Damu



Huku Shinyanga na Geita kazi zetu zina hatari. Mchimbaji huteleza shimoni Nyarugusu au Mwakitolyo. Mkulima huanguka kutoka kwenye mkokoteni wa pamba. Mtoto huanguka kutoka juu ya mwembe. Mguu au mkono huvunjika, na zahanati iko mbali.

Majirani huufunga kwa miti. Wanafanya vema. Mfupa uliotulia hauumi sana, wala hauchomi nyama na mishipa. Lakini wengine hudhani kuwa kukaza sana ndiko kuponya. Sivyo.

Nyama huishi kwa damu. Mahali palipovunjika huvimba. Kamba iliyokuwa sawa asubuhi, mchana inaweza kuwa kitanzi. Nyama ikikosa damu kwa saa 6 hivi, huanza kufa, na ikifa haifufuki. Mguu ambao ungepona hukatwa kwa sababu ya kamba.

Je, tufunge namna gani?

1. Mvue mgonjwa pete na bangili kabla hajavimba.

2. Usijaribu kunyoosha mfupa. Kama kuna kidonda, kifunike kwa kitambaa safi.

3. Tafuta mbao mbili zilizonyooka. Ziwe ndefu kupita kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mvunjiko. Zizungushie nguo laini.

4. Funga kwa vitambaa vipana, kama vipande vya kanga. Usitumie waya, kamba nyembamba wala mpira wa baiskeli. Usifunge juu ya mvunjiko wenyewe.

5. Fundo likae juu ya ubao, liwe rahisi kufungua.

6. Acha vidole wazi ili uvione.

Sasa pima. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Rangi irudi upesi, kabla hujahesabu tatu. Pima tena kila nusu saa, hata mkiwa njiani.

Hatari ni hizi: vidole ni baridi, vimepauka au vimekuwa bluu, vina ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua. Ukiona hata moja, legeza vitambaa mara moja. Usiziondoe mbao. Legeza kidogo, funga upya, pima tena. Kama hali haibadiliki, mfikisheni hospitali haraka, hata kama ni usiku.

Dalili ni hizo hizo kwa aliyefungwa hogo hospitalini, na kwa aliyefungwa miti na mganga wa mifupa. Mwenye hogo asilikate mwenyewe. Arudi hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kadi. Mwenye miti ailegeze hapo hapo, kisha aende hospitali.

Kufunga vizuri ni kuutuliza mfupa na kuiachia damu njia.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini tunaacha vidole wazi?

2. Kitambaa kilichofungwa vizuri asubuhi kinawezaje kubana mchana?

3. Pimeni kucha zenu wawili wawili. Rangi inarudi upesi?