Je, Wajua? Stempu Kongwe za Amerika Kusini, za Barua na za Ushuru

Je, wajua kwamba Brazili ndiyo nchi ya pili duniani, baada ya Uingereza, kutoa stempu za posta za kutumika nchi nzima? Uingereza ilianza Mei 1840. Jimbo la Zurich huko Uswisi liliitangulia Brazili kwa miezi michache mwaka 1843, lakini stempu zake zilikuwa za jimbo hilo tu. Tarehe 1 Agosti 1843 posta ya Brazili ikaanza kuuza stempu tatu nyeusi, za reis 30, 60 na 90, zilizochapwa katika kiwanda cha serikali cha kutengenezea sarafu mjini Rio de Janeiro. Hazina sura ya mtu wala jina la nchi. Zina tarakimu kubwa katikati ya duara la nakshi nyembamba mno, mistari inayopishana na kuzungukana. Umbo hilo likawafanya watu waziite Macho ya Fahali, na jina limebaki hadi leo.

Kwa nini hazikuwekwa picha ya mtawala, ilhali Waingereza walimweka Malkia Victoria? Pedro II, mfalme wa Brazili, alikuwa kijana wa miaka 17 wakati huo. Ilionekana kwamba ni kumvunjia heshima kuichapa sura yake kisha makarani wa posta kila siku waipige mihuri ya wino mweusi. Ilibidi kungoja hadi 1866 ndipo uso wake, sasa ukiwa na ndevu nyingi, ukatokea kwenye stempu zilizochapwa New York na American Bank Note Company.

Kati ya zile tatu, ya reis 90 ndiyo iliyochapwa kwa uchache: nakala 349,182. Stempu hizi hazikuwa na vitobo vya kuchania. Karani alizikata kwa mkasi, na wengi walikata ovyo. Kwa hiyo mkusanyaji anapoishika moja, jambo la kwanza analolitazama ni ukingo. Iliyobaki na ukingo mweupe pande zote nne huuzwa ghali mara nyingi kuliko ile ambayo mkasi umegusa nakshi.

Ushuru ulitangulia barua

Je, wajua kwamba Wahispania walikuwa wakitoza ushuru kwa karatasi yenye muhuri katika Amerika Kusini karne mbili kabla ya stempu ya kwanza ya posta? Hispania ilianzisha karatasi hiyo nyumbani mwaka 1636, na mwaka 1638 mfalme Philip IV akaamuru itumike pia katika makoloni yake ya ng'ambo. Wosia, mkataba wa shamba, kesi, hata ombi la mnyonge kwa liwali, vyote vilipaswa kuandikwa juu ya karatasi iliyopigwa chapa ya mfalme. Kulikuwa na madaraja manne ya karatasi, na bei ilipanda kadiri hati ilivyokuwa nzito.

Karatasi hiyo ilikuwa na muda wake: kila toleo lilitumika miaka miwili. Meli za kutoka Hispania zikichelewa, maofisa wa huko walichukua karatasi ya zamani na kuipiga muhuri mwingine wa kuihuisha kwa miaka mipya. Kisha vikaja vita vya uhuru. Serikali mpya zilikuta maghala yenye karatasi ya mfalme aliyefukuzwa, na kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu, ziliipiga muhuri wao juu yake na kuendelea kuitumia. Sioni hati inayoonyesha mabadiliko ya utawala waziwazi kuliko hii: nembo ya mfalme juu, chapa ya jamhuri pembeni, na katikati mtu wa kawaida anauza nyumbu wake.

Stempu iliyolipia shule

Hapa ndipo penye utamu hasa. Tarehe 27 Juni 1870, serikali ya Antonio Guzmán Blanco nchini Venezuela ilitoa amri kwamba elimu ya msingi iwe ya bure na ya lazima kwa watoto wote. Amri kama hiyo inahitaji fedha, na hazina ilikuwa tupu baada ya miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Njia iliyopatikana ilikuwa stempu za ushuru: mtu anayeandika risiti au hati ya biashara abandike stempu, na mapato yaende shuleni. Zilichapwa Caracas zikiwa na kichwa cha Simón Bolívar na neno Escuelas, yaani shule.

Haukupita muda mrefu stempu hizohizo zikaanza kubandikwa kwenye barua pia. Hivyo kwa miaka kadhaa Mvenezuela aliyemwandikia ndugu yake barua alitumia stempu yenye jina la shule. Mkusanyaji akikuta moja iliyobanduliwa, haitoshi kusema ni ya mwaka fulani. Lazima aulize ilifanya kazi gani. Ikiwa na muhuri wa duara wa posta, ilisafirisha barua. Ikiwa na sahihi ya wino na tarehe iliyoandikwa kwa mkono, huenda ilikaa kwenye risiti ya magunia ya kahawa. Nasema huenda, kwa sababu katika nchi nyingi za huko makarani wa posta wa vijijini hawakuwa na mihuri, nao walifuta stempu kwa kalamu vilevile.

Ichukue moja uitazame kwa lenzi. Juu ya picha utaona mistari ya maandishi madogo mno, yanayojirudia kutoka upande mmoja hadi mwingine: majina ya Bolívar, Sucre na Miranda, mashujaa watatu wa uhuru, pamoja na tarehe ya amri. Maandishi hayo yalipigwa ili kuzuia wizi na kughushi. Kwa anayekusanya leo, yamekuwa shamba zima la kuchimba: kwenye baadhi ya stempu tarehe ni ya Aprili, kwenye nyingine ni ya Juni, na zipo ambazo mistari imepigwa juu chini. Watu wamemaliza miaka mingi juu ya stempu hizi tu, na naona walifanya vyema.

Nchi changa, mabamba ya mikono

Je, wajua kwamba stempu ya kwanza katika ardhi ya Argentina ilitolewa na mkoa, si na taifa? Ni Corrientes, Agosti 1856. Mkuu wa kiwanda cha uchapaji cha serikali ya mkoa alikuwa Mfaransa, Pablo Emilio Coni, naye alitaka stempu ya kufanana na ile ya Ufaransa yenye kichwa cha Ceres, mungu wa kike wa mavuno. Mchongaji hakuwepo. Inasimuliwa kwamba kijana aliyekuwa akigawa mikate, Matías Pipet, alijitokeza na kusema aliwahi kujifunza kuchonga kwao Italia. Alichonga bamba la stempu nane, kila moja kwa mkono wake, na kila Ceres ana uso wake: huyu amenuna, yule pua imepinda. Zilichapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba ya rangi, na bamba hilo likaendelea kufanya kazi hadi 1880. Mkusanyaji mzoefu anaweza kukuambia stempu ilikaa wapi kwenye bamba kwa kutazama uso tu.

Bolivia ilifuata mtindo huo mwaka 1867 kwa stempu zake za tai mkubwa wa milima ya Andes. Bamba lilikuwa na stempu 72, zote zimechongwa moja moja, na bamba la sentavo 5 lilipochakaa lilichongwa upya tena na tena. Anayetaka kulijenga upya bamba zima kwa stempu zilizobanduliwa anajitwika kazi ya maisha.

Uruguay ilianza Oktoba 1856 kwa stempu zenye jua lenye uso wa mtu na neno Diligencia, gari la farasi la abiria. Aliyezitoa ni Atanasio Lapido, msimamizi wa posta aliyekuwa akiendesha magari hayo.

Chile ilichagua kichwa cha Christopher Columbus mwaka 1853 na haikumwacha kwenye stempu zake za kawaida za barua hadi 1910, ingawa Columbus hakufika kamwe upande wa Pasifiki. Alama ya maji ndani ya karatasi ya stempu za mwanzo ni tarakimu ya bei yenyewe, na hilo humsaidia sana anayechunguza.

Na stempu ndogo kuliko zote duniani? Zilitolewa miaka ya 1863 hadi 1866 na jimbo la Bolívar, ambalo leo limo Kolombia: milimita 8 kwa 9.5, sawa na ukucha wa kidole kidogo.

Vita ndani ya albamu

Mwaka 1871 Peru ilitoa stempu nyekundu ya sentavo 5 yenye picha ya garimoshi, na majina Chorrillos, Lima na Callao yakiizunguka. Reli ya Lima hadi Callao ilikuwa imetimiza miaka 20, na wengi huihesabu stempu hiyo kuwa ya kwanza duniani kutolewa kwa ajili ya kumbukumbu. Wengine wanabisha. Ilichapwa kwa mashine ya Kifaransa ya Lecoq, iliyopiga chapa ya kuvimba kwenye utepe mrefu wa karatasi, moja baada ya nyingine, si kwenye shiti.

Miaka minane baadaye Peru na Bolivia zilikuwa vitani dhidi ya Chile. Vita vya Pasifiki vilidumu kuanzia 1879 hadi 1883, na stempu zinavisimulia hatua kwa hatua. Majeshi ya Chile yaliingia Lima Januari 1881. Tangu hapo barua za Lima na Callao zinaonekana zikiwa na Columbus wa Chile chini ya muhuri wa mji wa Peru. Na stempu za Peru zenyewe zikapigwa chapa ya nembo ya Chile juu yake. Kusini, mji wa Arequipa ulibaki mikononi mwa Waperu hadi Oktoba 1883 na ulitumia stempu zake wenyewe za muda. Chile nayo, katika miaka hiyohiyo, iliruhusu stempu za ushuru zitumike kwenye barua. Ukipata bahasha ya namna hiyo yenye tarehe inayosomeka, umeshika ramani ya vita.

Ramani halisi pia zilitumiwa kama silaha. Mwaka 1896 Venezuela ilitoa stempu zenye ramani ya zamani ya Amerika Kusini, wakati ikizozana na Uingereza juu ya mpaka wa koloni lake la Guiana, ambalo leo ni Guyana. Mahakama ya usuluhishi iliyokaa Paris mwaka 1899 iliipa Uingereza sehemu kubwa ya eneo hilo, lakini mgogoro haujaisha: mwaka 2018 Guyana iliupeleka Mahakama ya Kimataifa ya Haki.

Guyana hiyohiyo, ilipokuwa koloni la Uingereza, ndiyo ilikotoka stempu moja maarufu kuliko zote. Mwaka 1856 shehena ya stempu kutoka Uingereza ilichelewa, na mkuu wa posta akaagiza za muda zichapwe kwa wachapaji wa gazeti la huko. Makarani walitia sahihi kwa mkono kuzuia kughushi. Ile ya senti 1, rangi ya zambarau nyekundu, imebaki moja tu. Mvulana wa miaka 12 aliiokota kati ya karatasi za nyumbani mwaka 1873 na kuiuza kwa shilingi 6. Mwaka 2014 ilinadiwa New York kwa karibu dola milioni 9.5. Pembe zake zimekatwa, ina madoa, na sahihi ya karani E. D. Wight bado inasomeka.

Za kuwa macho nazo

Anayeanza leo atakutana upesi na stempu za Ekwado za miaka ya 1890, mpya, safi na za bei rahisi. Zilitokana na mkataba wa Nicholas Seebeck wa Hamilton Bank Note Company, New York: nchi ilipewa stempu bure, toleo jipya kila mwaka, naye akachukua zilizobaki pamoja na haki ya kuzichapa tena kwa ajili ya wakusanyaji. Wanunuzi wa Ulaya walikasirika, na mwaka 1895 kikaundwa chama mjini London cha kupinga biashara ya namna hiyo. Kwa maoni yangu stempu hizo zimeonewa. Picha zake zimechongwa kwa ustadi, na zile zilizosafiri kweli kwenye barua si nyingi kama watu wanavyodhani.

Hatari kubwa zaidi ni zile za kughushi. François Fournier wa Geneva alitengeneza nakala za stempu za karibu dunia nzima na kuziuza waziwazi kwa orodha ya bei. Baada ya kifo chake shehena yake ilinunuliwa na chama cha wakusanyaji wa mji huo, na mwaka 1928 sampuli zikawekwa kwenye albamu ili watu wazitambue. Tapeli mwingine hufanya kazi ya kimyakimya: huchukua stempu ya ushuru iliyofutwa kwa kalamu, huosha wino, kisha hupiga muhuri wa posta wa bandia. Taa ya urujuanimno mara nyingi huufichua mstari wa kalamu uliooshwa.

Dawa ya utapeli huo ni moja: hati nzima. Stempu ikiwa bado imeshika bahasha yake au risiti yake, na muhuri umevuka kutoka kwenye stempu hadi kwenye karatasi, hakuna maswali mengi ya kuuliza. Ikibanduliwa, nusu ya habari imekwenda. Kwa hiyo, msomaji, ukirithi karatasi za zamani zenye stempu, za nchi yoyote ile, usizilowanishe majini na usizikate. Ziweke zikiwa kavu, mbali na jua, ndani ya bahasha isiyo na asidi, na umwonyeshe mjuzi zikiwa kamili kama ulivyozikuta.