Jumapili Ukingoni mwa Marne

Treni ya RER A humfikisha abiria Nogent-sur-Marne kabla hajamaliza kusoma gazeti alilonunua katikati ya Paris. Mji una wakazi zaidi ya elfu 30, uko kilomita kumi hivi mashariki ya jiji kuu, na umepanda kutoka ukingo wa mto Marne hadi kilimani lilipo kanisa la Saint-Saturnin. Ukitoka stesheni, kinachokupokea ni ukimya. Nyumba zimejificha nyuma ya kuta na mageti ya chuma, bustani ziko uani, na madirisha yana vibao vya mbao ambavyo wenyewe huvifunga jua linapochwa. Aliyekulia Tanga au Mombasa, amezoea mlango ulio wazi hadi usiku na watoto wanaoingia nyumba yoyote wapendayo, anaweza kudhani wenyeji wamehama.

Hawajahama. Ukimya huo wanautunza kwa makusudi. Ufaransa ina sheria juu ya kelele za majirani, mchana na usiku, na halmashauri nyingi za miji hupanga hata saa za kuwasha mashine ya kukatia majani. Jumapili ruhusa hiyo aghalabu huisha saa sita mchana, na kwingine haipo kabisa. Lakini sheria ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni malezi. Mtoto mdogo ndani ya treni huambiwa ashushe sauti kabla hajajua kusoma. Anayeishi ghorofani huvua viatu ili asimsumbue aliye chini. Mtu akitaka kuandaa sherehe hubandika karatasi mlangoni siku kadhaa kabla, akiwaomba majirani radhi kwa kelele zitakazokuja. Hiyo karatasi ilinigusa. Ni heshima kwa mtu ambaye huenda hujawahi kuzungumza naye hata mara moja.

Msomaji asifikiri kwamba watu wa namna hii hawajui salamu. Wanaijua, na wanaidai. Ukiingia duka la mikate bila kusema *bonjour* kwanza, umeshaharibu. Utauziwa mkate, lakini kwa uso uliokunjamana. Ukiingia chumba cha kusubiria daktari, unawasalimu wote waliokaa, nao wanaitikia kwa pamoja, kisha kila mmoja anarudi kwenye ukimya wake. Ukiondoka unaaga. Sisi tuliofundishwa kwamba kuuliza bei kabla ya kujuliana hali ni utovu wa adabu tunaelewana nao hapo bila mkalimani. Tofauti ni kwamba salamu yao haifungui mazungumzo. Inathibitisha kwamba umemwona mwenzako na kumheshimu, basi.

Kutembeleana nako kuna saa zake. Hodi ya ghafla haipo. Mwenyeji wangu, mama mmoja mwalimu mstaafu, alikuwa na rafiki anayekaa mtaa wa pili, umbali wa kutupa jiwe, na bado walipigiana simu wiki nzima kabla ya kukaribishana chakula. Siku ikifika, mgeni hachelewi sana wala hawahi. Dakika kumi au robo saa baada ya saa iliyopangwa ndiyo adabu, kwa kuwa kuwahi ni kumkuta mama mwenye nyumba bado yuko jikoni. Huji mikono mitupu: maua, chokoleti, au divai kwa wanywaji. Mezani mikono huonekana, haifichwi mapajani. Mkate huwekwa juu ya kitambaa cha meza pembeni ya sahani. Chakula huja kwa awamu, jibini hutangulia kitu kitamu, na mlo wa Jumapili mchana unaweza kuanza saa saba ukaisha saa kumi, watu wamekaa palepale wakibishana juu ya siasa, kitabu, au namna sahihi ya kupika maharagwe.

Wapo kwetu wanaosema Wazungu hawana ukarimu. Baada ya kukaa kwenye meza ile siwezi kukubaliana nao. Mtu aliyekuandalia mlo wa saa tatu, akafikiria mapema unakula nini na huli nini, akakuuliza juu ya wazazi wako na kusikiliza jibu hadi mwisho, amekukirimu. Ukarimu wake una siku na saa. Ukikaribishwa umekaribishwa kwelikweli, na siku isiyo yako unamwachia nyumba yake. Upungufu upo, nao wanaujua wenyewe. Mzee anayeishi peke yake anaweza kupitisha siku kadhaa bila mtu kumjulia hali. Ndiyo maana mwaka 1999, huko Paris, ilianzishwa Sikukuu ya Majirani, inayofanyika kila mwaka majira ya kuchipua, na sasa imeenea nchi nzima. Siku hiyo meza hutolewa uani au barabarani, kila nyumba ikaleta sahani yake. Watu waliopishana ngazini miaka mingi hujuana majina.

Hayo ni ya kilimani. Ukishuka mtoni, mambo hubadilika, na hapo ndipo nilipoanza kuuelewa mji huu.

Marne ndio tawimto mrefu kuliko yote yanayopita ndani ya Ufaransa pekee, zaidi ya kilomita 500 kutoka uwanda wa Langres hadi unapoungana na Seine kwenye mlango wa Paris. Hapa Nogent na kwa jirani yake Joinville-le-Pont mto umetulia, kijani, na kando yake kuna njia ya miguu chini ya miti mirefu. Njia hiyo ndiyo baraza yao. Watu walewale wasiotazamana kwenye treni husalimiana huku wakipita. Wazee hukaa kwenye mabenchi, na ukikaa karibu nao mazungumzo huanza bila miadi. Mvuvi wa ndoano, aliyelipia kibali chake cha mwaka, anakuonyesha alichokipata na pengine anakirudisha majini mbele ya macho yako. Vijana wa vyama vya kupiga makasia hupita wanane wanane ndani ya mashua nyembamba, mwalimu wao akiwafuata kwa baiskeli ukingoni na kuwafokea kwa kipaza sauti, na hakuna anayelalamika. Kelele ya mtoni imesamehewa.

Msamaha huo una historia. Divai iliyoingia Paris ilitozwa ushuru kwenye malango ya jiji, kwa hiyo maskini walizoea kutoka nje ya malango kwenda kunywa na kucheza ngoma kwa bei nafuu. Mwaka 1860 Paris ilimeza vijiji vilivyoizunguka, na malango yakasogea mbali zaidi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1859, ilikuwa imefunguliwa reli kutoka Bastille, mtaa wa mafundi na vibarua, kuja huku kwenye Marne. Yakakutana mambo mawili: kiu na treni. Jumapili, siku pekee ya mapumziko, washonaji, mafundi seremala, wafua nguo na makarani walijaa kwenye mabehewa na kumwagika ukingoni. Wakawa wanakodi mashua, wanaogelea, wanakula samaki wadogo waliokaangwa wakakauka, na kucheza hadi treni ya mwisho. Nyumba hizo za kula, kunywa na kucheza ndizo zinazoitwa *guinguette*, na zilienea kandokando ya Marne. Mwaka 1929 Marcel Carné, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa waongozaji wakubwa wa filamu Ufaransa, alianza kazi yake kwa filamu fupi juu ya Jumapili hizo za Nogent.

Nyingi zimefungwa. Chez Gégène bado ipo, upande wa Joinville, na mchana wa Jumapili nilikwenda kuitazama. Kome na chipsi mezani, maji ya limau kwa asiyekunywa divai, ukumbi wenye sakafu ya mbao, na kodiani. Nilichokifuata kwa makini ni taratibu za kuombana kucheza. Mwanamume anainuka, anakwenda kwenye meza asiyoijua, anainamisha kichwa kidogo na kumwomba mama aliyeketi na mumewe. Mume anatabasamu. Wanacheza wimbo mmoja au miwili, kisha yule mwanamume anamrudisha mama hadi kwenye kiti chake na kushukuru. Kumwacha katikati ya ukumbi ni aibu. Wajane hucheza wenyewe kwa wenyewe, mmoja akichukua nafasi ya mwanamume, wala hapana anayewashangaa. Niliwaona wazee waliokuja kwa mkongojo wakiuegemeza kwenye kiti na kucheza walzi mzima bila kutetereka. Katika mji ambao huwezi kubisha hodi kwa jirani bila simu, unaweza kumshika mkono mtu usiyemjua kabisa, mbele ya familia yake. Mila hii imeweka mahali maalumu pa ukaribu, ikapawekea mipaka, na ndani ya mipaka hiyo watu wana uhuru ambao hata sisi wa Pwani hatuna.

Muziki wenyewe ulizaliwa na wageni. Watu wa Auvergne walihamia Paris na zumari zao za mifuko, Waitalia wakaja na kodiani, na mchanganyiko wao ndio uliotoa *musette* inayochezwa pale hadi leo. Nogent ilipokea Waitalia wengi, hasa kutoka bonde la Nure katika milima ya Emilia, wengi wao waashi. François Cavanna, mtoto wa mwashi mmoja wao, aliandika maisha yao katika kitabu *Les Ritals* cha mwaka 1978. Waliishi kwa kubanana katika vyumba vya mitaa ya zamani, wakitukanwa kwa asili yao, huku mikono yao ikijenga kuta na nyumba za watu wenye nafasi. Ninapozitazama sasa kuta zile zinazolinda ukimya wa mji, siwezi kuacha kuwafikiria waliozijenga.

Wako wengine pia. Mpakani mwa Nogent na msitu wa Vincennes ipo bustani ambayo kila Mwafrika afikaye huku angepaswa kuitembelea. Ilianzishwa mwaka 1899 kuotesha miche ya kahawa, kakao, vanila na migomba, ili isafirishwe kwenda makoloni. Mwaka 1907 yakafanyika humo maonyesho ya kikoloni, na watu wa Afrika na Asia wakaletwa, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe na umati. Mabanda ya wakati ule mengine yameungua, mengine yameoza, mengine yamekarabatiwa. Miti imeyafunika nusu. Vita vya 1914 vilipoanza, bustani ikageuzwa hospitali ya askari kutoka makoloni, na mwaka 1916 ukajengwa humo msikiti wa mbao kwa ajili ya majeruhi Waislamu. Msikiti huo haupo tena. Zimebaki nguzo za kumbukumbu: ya askari weusi, ya askari wa Madagaska, ya askari wa Indochina. Taifa lililowaweka watu hawa kwenye maonyesho halikuona haya kuwaomba damu yao miaka saba baadaye. Nalisema bila kulainisha, kwa kuwa bustani nzuri huwafanya watu wasahau upesi.

Baadhi ya waliofia hospitalini walizikwa katika makaburi ya Nogent. Mwaka 1919 ilijengwa hapo kuba kwa heshima yao. Iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikajengwa upya mwaka 2011. Mama mwenyeji wangu alinisindikiza. Nilisoma Fatiha, naye akasimama pembeni hadi nilipomaliza, kisha akaniambia kwamba katika miaka yote aliyofundisha historia katika mji huu hakuwahi kuleta darasa lake pale, na kwamba mwalimu aliyechukua nafasi yake huwaleta kila Novemba. Alilisema kwa uzito, nami nililipokea kwa uzito huohuo. Mila ya Wafaransa ya kuwakumbuka wafu wa vita tarehe 11 Novemba, kwa shada la maua na kusomwa kwa majina, ni nzuri. Inastahili kuwafikia wote waliokufa.

Mto nao una kumbukumbu zake. Januari 1910 Marne na Seine zilifurika pamoja na kuzamisha mitaa. Baadhi ya nyumba za ukingoni zimeinuliwa, vyumba vya kuishi vikiwa juu na chini pakiachiwa mashua na vyombo vya bustani. Mwaka 1974 lilikamilika bwawa kubwa la Der, juu huko Champagne, lenye eneo la hekta 4,800, ili kuyazuia maji ya masika na kuyaachia wakati wa ukame. Hata hivyo mafuriko ya Januari 2018 yaliwakumbusha watu kuwa bwawa hupunguza tu. Wenyeji wa ukingoni wanaujua urefu wa maji kama wengine wanavyojua bei ya mkate, na usiku wa mafuriko ndio usiku wanapogongeana milango bila miadi.

Kuogelea kulipigwa marufuku mwaka 1970, maji yalipokuwa machafu mno. Kizazi kizima kilikua kikiutazama mto bila kuugusa. Yakajengwa mabomba, mitambo ya kusafishia majitaka ikaboreshwa, nyumba zilizokuwa zikitiririsha uchafu mtoni zikaunganishwa upya na mifereji iliyo sahihi. Kazi ya gharama na miaka, iliyohimizwa zaidi na Michezo ya Olimpiki ya 2024. Kiangazi cha 2025 Joinville ikafungua tena sehemu ya kuogelea, yenye waokoaji na kamba za kuonyesha mipaka. Wazee waliojifunza kuogelea humohumo kabla ya marufuku wameshuka tena majini na wajukuu wao. Maji hupimwa mara kwa mara, na mvua kubwa ikinyesha, sehemu hiyo hufungwa hadi vipimo virudi kuwa salama.