Kadi za grafiki za bei nafuu: mambo ya kukagua kabla ya kupakia mzigo wa Kampala

KAMPALA

Kyambogo iko kando ya barabara kuu ya Jinja, ile ile inayoleta mizigo kutoka Malaba na Busia. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mtumba akitaka kucheza gemu, hutafuta kadi ya grafiki ya bei nafuu. Anayemletea ni mfanyabiashara, na kadi ikikataa kufanya kazi hurudishwa kwake.

Tupige hesabu ya mfano. Umenunua kadi 10 kwa shilingi 400,000 kila moja, jumla 4,000,000. Unauza kwa 480,000. Kadi mbili zikirudi na zisiuzike tena, nane zilizobaki zimeleta 3,840,000. Umepoteza 160,000, na nauli bado haijahesabiwa.

Umeme kwanza

Kompyuta nyingi za mtumba zilitumika maofisini. Pawa saplai yake ni ndogo na mara nyingi haina waya wa ziada wa kadi. Sloti yenyewe hutoa wati 75 tu. Radeon RX 580 ya mwaka 2017 ni nzuri kwa bei yake, lakini inakula wati 185 na inahitaji waya wa ziada.

Kwa mashine za ofisini, tafuta kadi zisizozidi wati 75: GeForce GTX 1650 isiyo na tundu la waya, Radeon RX 6400 (wati 53) au RTX 3050 ya GB 6 (wati 70). Kama kasha la kompyuta ni jembamba, hakikisha kadi ni ya kimo kifupi. Mwenye pawa saplai kubwa muuzie RX 6600 ya GB 8, inayotumia wati 132.

Windows au Linux?

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, hivyo baadhi ya wenye mashine hizo wanahamia Linux, ambayo ni ya bure.

Kwenye Linux, kadi za AMD zina nafuu kwa mteja kwa kuwa draiva yake imo ndani ya mfumo wenyewe. NVIDIA nayo hufanya kazi, ila kwa kawaida draiva yake huwekwa pembeni. Aidha, NVIDIA ilisitisha draiva mpya za gemu kwa familia ya GTX 900 na GTX 1000 mwaka 2025, na kubakiza marekebisho ya usalama. Kwa hiyo GTX 1050 Ti inunuliwe kwa bei ya chini sana, au iachwe.

Tangu mwaka 2018, programu ya Proton ya kampuni ya Valve imewezesha gemu nyingi za Windows kuchezwa kwenye Linux. Hata hivyo Valorant, Fortnite na EA Sports FC hukataa kwa sababu ya ulinzi dhidi ya udanganyifu. Anayetaka hizo abaki na Windows, hata kadi iwe nzuri kiasi gani.

Jihadhari na bandia

Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi zilizochoshwa zikamwagwa sokoni. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zijiite GTX 1050 Ti. Kabla ya kulipa, iwashe kadi na uikague kwa programu ya GPU-Z kwenye Windows. Angalia pia RX 580 iliyoandikwa 2048SP: ina viini 2,048 badala ya 2,304, hivyo bei yake iwe chini.

Mpakani

Kadi iliyotengenezwa China haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Nairobi. Usitegemee cheti rahisi cha asili kinachotolewa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Ankara itaje aina ya kadi, GB zake na kama ni mpya au mtumba, kisha mwulize wakala wako wa forodha kodi zote kabla ya kupanga bei.

Muhimu zaidi, kabla ya kuagiza mwulize mteja mambo matatu: kompyuta yake ni aina gani, pawa saplai ni wati ngapi, na anataka kucheza gemu gani.