Jumba linapojiongoza: Jinsi tarakilishi inavyosimamia umeme, maji, hewa na usalama

Na MWANDISHI WETU

MPANGAJI anayeingia katika jumba la kisasa jijini Nairobi au Mombasa hukuta taa zikiwaka, lifti ikimngojea, maji yakitiririka mferejini na hewa ikiwa na ubaridi wa kadiri. Ni nadra ajiulize ni nani aliyeyapanga hayo yote, mpaka siku jambo moja linapoenda mrama.

Siku ya aina hiyo ilishuhudiwa Ijumaa, Agosti 25, 2023. Umeme ulikatika usiku karibu kote nchini, na katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) baadhi ya majengo ya abiria yakasalia gizani kwa kuwa jenereta iliyotarajiwa kushika zamu haikuwaka. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo alilazimika kuwaomba Wakenya radhi.

Tukio hilo liliwakumbusha wengi kwamba jumba kubwa si kuta na paa pekee. Ni mkusanyiko wa mitambo inayopaswa kuelewana: pampu, feni, jenereta, lifti, taa, kengele za moto na milango. Kazi ya kuipatanisha mitambo hiyo ndiyo ambayo siku hizi hukabidhiwa tarakilishi, kupitia mfumo wa usimamizi wa majengo ambao wahandisi huuita kwa kifupi BMS.

Je, mfumo huu hufanya kazi vipi? Na kwa nini baadhi ya majumba huwa nao ilhali bili ya umeme haipungui?

Somo la tangi la maji

Njia rahisi ya kuuelewa ni kuanza na kitu ambacho kila mkazi wa mjini anakifahamu: tangi la maji lililo juu ya paa.

Katika nyumba nyingi za kupanga, bawabu ndiye hupanda kulichungulia tangi, kisha hushuka kuwasha pampu ili ivute maji kutoka tangi la chini. Akisahau kuizima, maji humwagika. Akichelewa kuiwasha, wapangaji hukosa maji ya kuoga. Na iwapo tangi la chini litakauka huku pampu ikiendelea kuzunguka, pampu huharibika.

Sasa weka boya ndani ya tangi la juu na uliunganishe na swichi. Maji yakipungua, boya hushuka na pampu huwaka. Yakijaa, boya hupanda na pampu huzimika. Boya la pili katika tangi la chini huizuia pampu isiwake pasipo maji.

Hapo tayari kuna mambo matatu ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kila mfumo wa aina hii: kifaa cha kuhisi, kifaa cha kuamua na kifaa cha kutenda. Jumba la orofa 30 lina maelfu ya maamuzi kama hayo, na hakuna bawabu awezaye kuyafanya yote kwa miguu yake.

Usumbufu kama wa bawabu huyo ndio uliomsukuma Warren Johnson, mwalimu katika chuo kimoja cha ualimu mjini Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani. Enzi hizo wahudumu walilazimika kuzunguka madarasani kutazama vipimajoto kabla ya kurekebisha joto kutoka orofa ya chini. Mnamo 1883 Johnson alipata hataza ya kifaa cha umeme kilichopima joto la chumba na kupeleka ishara kwa mhudumu wa tanuri. Miaka miwili baadaye, kampuni ya kutengeneza vifaa vyake ilianzishwa Milwaukee.

Kwa miongo mingi iliyofuata, majumba makubwa yaliongozwa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mabomba membamba. Ilikuwa hadi miaka ya 1980 ambapo tarakilishi ndogo zilianza kuchukua nafasi ya mabomba hayo kwa wingi.

Ngazi tatu za amri

Mfumo wa leo hupangwa kwa ngazi tatu, mithili ya jeshi.

Ngazi ya chini ni ya vifaa vya kuhisi, maarufu kama sensa, pamoja na mota zinazofungua vali na milango ya hewa. Sensa hupima joto, unyevu, mwangaza, shinikizo la maji, au kuwepo kwa watu chumbani.

Jinsi sensa inavyozungumza ni jambo la kuvutia. Nyingi hutuma mkondo wa umeme wa kati ya miliampea 4 na 20. Nne humaanisha kipimo cha chini kabisa, 20 kipimo cha juu. Mbona isianze na sifuri? Kwa sababu waya ukikatika, mkondo huwa sifuri. Kama sifuri ingekuwa na maana ya “tangi ni tupu”, mtambo usingeweza kutofautisha tangi tupu na waya uliotafunwa na panya.

Ngazi ya pili ni ya vidhibiti, yaani tarakilishi ndogo zinazofichwa katika masanduku ya chuma kwenye vyumba vya mitambo. Kila kimoja husimamia eneo lake, na katika mfumo uliopangwa vyema huendelea na kazi hata mawasiliano na makao makuu yakikatika.

Ngazi ya juu ni tarakilishi kuu. Hii ndiyo yenye skrini ambayo msimamizi wa jumba huitazama, akaona picha ya kila orofa, akapokea tahadhari, na akasoma kumbukumbu za miezi iliyopita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tarakilishi kuu ndiyo daftari la jumba.

Tuseme ukumbi wa mikutano katika orofa ya saba umewekewa nyuzijoto 24. Saa tatu asubuhi watu 40 wanaingia. Binadamu aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100, hivyo ni kana kwamba mtu amewasha hita ya wati 4,000 ukumbini.

Sensa inaripoti nyuzijoto 25. Kidhibiti hulinganisha kinachotakiwa na kilichopo, kisha hufungua kidogo vali ya maji baridi yanayopoza hewa. Hutazama tena. Tofauti ikidumu, hufungua zaidi. Ikianza kupungua kwa kasi, hurudisha vali kabla baridi haijapita kiasi.

Ni sawa na dereva mzoefu anayekaribia tuta barabarani. Huangalia tuta liko umbali gani na gari linakwenda kasi kiasi gani, akapunguza mwendo mapema. Kidhibiti kisichopangwa vyema hufanana na dereva mgeni: hukanyaga mafuta, hukanyaga breki, na walio ukumbini huvaa na kuvua makoti mchana kutwa.

Palipo na akiba

Faida inayotajwa sana na wauzaji wa mifumo hii ni kupungua kwa gharama ya umeme. Dai hilo lina msingi, mradi lieleweke.

Kwa mujibu wa kanuni za fizikia, nguvu zinazohitajika kuzungusha feni hubadilika kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Feni ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya kasi, nguvu hushuka hadi takriban asilimia 51. Ikipunguzwa hadi nusu, hushuka hadi asilimia 12.5 kinadharia. Kwa hivyo mfumo unaopunguza kasi ya feni pole pole huokoa fedha nyingi kuliko ule unaoziwasha zote kwa nguvu kamili na kuzizima jioni.

Vilevile, mfumo unaweza kukadiria idadi ya watu kwa kupima gesi ya kaboni dioksaidi wanayopumua. Hewa ya nje huwa na takriban sehemu 420 za gesi hiyo kwa kila milioni. Chumbani kiwango kikikaribia 1,000, mitambo mingi hupangwa kuingiza hewa safi zaidi. Chumba kikiwa kitupu, hakuna haja ya kukipulizia hewa.

Mahali pia ni muhimu. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina usiku wenye baridi. Mfumo mwerevu hufungua madirisha ya juu au kuendesha feni usiku ili kuta zipoe, na asubuhi mitambo ya kupoza hewa ikapumzika. Mombasa haina bahati hiyo. Huko joto na unyevu wa bahari hudumu usiku kucha, na programu iliyonakiliwa kutoka Nairobi ingeingiza unyevu ndani, kuta zikaota ukungu.

Serikali nayo iliingilia suala hili kupitia Kanuni za Usimamizi wa Kawi za 2012, zilizowataka wamiliki wa majengo ya biashara, viwanda na taasisi zinazotumia umeme mwingi kufanyiwa ukaguzi wa matumizi ya kawi kila baada ya miaka mitatu. Mwenye kumbukumbu za tarakilishi huwa na majibu. Asiye nazo hukisia.

Moto unapozuka

Pesa ni jambo moja, uhai ni jingine. Wakenya hawajasahau moto ulioteketeza duka kubwa katikati mwa Nairobi mnamo Januari 28, 2009 na kuua watu zaidi ya 20. Baadaye kulizuka mjadala mkali kuhusu iwapo milango ya kutokea ilikuwa wazi.

Katika jumba lenye mfumo uliounganishwa ipasavyo, kitambua-moshi kinapolia, mambo kadhaa hufuatana ndani ya sekunde chache. Feni zinazoweza kusambaza moshi huzimwa. Lifti huteremka hadi orofa ya kutokea, hufunguka na kukataa kupanda tena. Milango inayofungwa kwa sumaku ya umeme huachilia. Feni maalum husukuma hewa safi katika ngazi ili moshi usiingie wanakopita watu.

Hata hivyo, wahandisi husisitiza kanuni moja: mfumo wa moto haupaswi kutegemea BMS. Unapaswa kuwa na vidhibiti, nyaya na betri zake wenyewe, ukiiarifu tarakilishi kuu bila kuiomba ruhusa. Aidha, mlango wa dharura hupangwa ili umeme ukikatika ufunguke, si ufungike.

Lugha na wezi

Zamani kila kampuni ilitengeneza vidhibiti vilivyozungumza lugha yake pekee. Mmiliki aliyenunua mtambo wa kampuni moja alifungwa nayo kama ng’ombe kwenye kigingi, kwa kuwa vipuri vya wengine havikuelewana nao.

Ili kuondoa adha hiyo, chama cha wahandisi wa Marekani, ASHRAE, kilianza mnamo 1987 kuunda lugha ya pamoja iitwayo BACnet. Ilikubaliwa rasmi 1995 na kuwa kiwango cha kimataifa mnamo 2003. Leo kidhibiti cha kampuni moja kinaweza kuelewana na pampu ya kampuni nyingine, iwapo mnunuzi alidai hivyo katika mkataba.

Lakini kuunganishwa kuna gharama yake. Lugha hizi zilibuniwa wakati mitambo ilikuwa imejifungia ndani ya jumba, na aliyetoa amri hakuulizwa yeye ni nani. Mitambo ilipounganishwa na intaneti, mlango ukawa wazi.

Mnamo 2016, katika mji wa Lappeenranta nchini Finland, tarakilishi zilizoongoza joto katika majengo mawili ya makazi zilifurikwa na ujumbe bandia kutoka intaneti. Zikawa zinajizima na kujiwasha mfululizo, na joto likakatika huku baridi ya nchi hiyo ikiwa imeanza. Hakuna aliyevunja kufuli wala kupita mlangoni.

Kinga yake inajulikana. Nywila zilizokuja na mtambo kiwandani zibadilishwe. Mtandao wa mitambo utengwe na ule wa wapangaji. Fundi anayeingia kutoka mbali apewe ruhusa ya muda, na ifungwe akimaliza.

Tarakilishi haina macho

Kwa nini basi bili hazipungui katika baadhi ya majumba? Jibu mara nyingi halimo ndani ya tarakilishi.

Tarakilishi hujua tu kile inachoambiwa na sensa. Sensa iliyowekwa karibu na mashine ya kunakili karatasi huripoti joto lisilokuwepo kwingine, na orofa nzima hugandishwa. Sensa huzeeka pia, ikaanza kusoma nyuzi mbili zaidi bila mtu kujua. Isipopimwa upya, mfumo hutii uongo kwa uaminifu mkubwa.

Halafu kuna kidole cha binadamu. Mpangaji hulalamika kuhusu joto, fundi huuondoa mtambo katika hali ya kujiendesha na kuuwasha kwa mkono, malalamiko huisha, na hakuna anayekumbuka kuurejesha. Baada ya mwaka mmoja, nusu ya mitambo huweza kuwa inaendeshwa kwa mkono huku skrini ikiendelea kumeremeta.

Jenereta nazo haziaminiki kwa kutazamwa. Betri iliyokufa haionekani mpaka siku ya kuhitajika. Ndiyo sababu hupasa kujaribiwa kila mara, na ikiwezekana kwa kukata umeme wa jumba kimakusudi na kubebeshwa mzigo halisi.

Mmiliki anayepanga kununua mfumo huu anafaa kuuliza maswali manne kabla ya kutia sahihi. Nani atakayemiliki nywila na nakala ya programu mkandarasi akiondoka? Je, vifaa vya kampuni nyingine vitakubalika? Nani miongoni mwa wafanyakazi wake atakayefunzwa kuusoma? Na sensa zitapimwa upya lini?

Mpangaji naye, ambaye hulipa ada ya huduma kila mwezi, ana haki ya kuuliza lini jenereta na kengele za moto zilijaribiwa mara ya mwisho, na kuonyeshwa rekodi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jumba la orofa 30 ukuta huo hugharimu pakubwa.