Mtoto wa mbwa aking'atwa na mbwa mwingine, kagua kwanza mikono ya watoto

Geti limeachwa wazi baada ya bodaboda kuleta gesi. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili na nusu anachomoka nje, na kabla hajafika mtaroni ameshadakwa na mbwa mkubwa wa mtaani. Kelele. Dada wa kazi anammwagia yule mbwa ndoo ya maji, anaachia na kutokomea. Mtoto wa nyumba, miaka saba, anamwokota Simba wake (mbwa wengi mno mjini wanaitwa Simba), anamkumbatia kifuani na kumpangusa damu na mate kwa kiganja.

Familia nyingi hapo huuliza jambo moja: Simba atapona? Ni swali la haki na tutalifikia. Lakini kuna la kuuliza kabla yake: kile kiganja kina mkwaruzo?

Mzazi anapaswa kuwaza hivyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kutoka kwa mbwa. Takribani watu 40 kati ya kila 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Virusi hukaa kwenye mate. Vikipenya kwenye jeraha, husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno.

Kuambukizwa kwa kushika manyoya yenye mate si jambo la kawaida, na ngozi isiyo na jeraha huzuia virusi. Hatari kubwa zaidi siku hiyo iko kwenye vitu viwili ambavyo watu hawavisemi: aliyeng'atwa wakati wa kuamulia ugomvi, na aliyeng'atwa na huyo huyo mtoto wa mbwa mwenye maumivu. Mbwa aliyeumia humng'ata hata anayempenda.

Watoto huficha. Mtoto anayejua atagombezwa kwa kuacha geti wazi hatasema kwamba kidole kinamuuma. Kwa hiyo usianze na "nani aliacha geti?" Wakusanye wote waliokuwepo, dada wa kazi akiwemo, waangalie mikono, miguu na uso kwenye mwanga, ukiwaambia wazi kwamba hakuna atakayechapwa.

Ukikuta alama ya jino au mkwaruzo, hata mdogo usiotoa damu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Weka saa ya simu, kwa sababu dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Kama bomba halitoi, mtu mmoja amimine kwa jagi huku mwingine akisugua taratibu. Sabuni ya kipande au ya unga inatosha, kwani huvunja utando wa mafuta unaovizunguka virusi. Baada ya hapo, siku hiyo hiyo, nenda kituo cha afya. Piga simu kwanza ikiwezekana, kwa sababu si kila zahanati huwa na chanjo. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa kwa tarehe maalumu, na kwa jeraha lililopenya ngozi daktari anaweza kuongeza dawa ya kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Usiruke dozi kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Kwa binadamu dalili huchukua mara nyingi miezi miwili au mitatu kujitokeza, na wakati mwingine hata mwaka.

Sasa Simba

Mfunike kwa kanga nzito au taulo kabla ya kumnyanyua, na uvae glavu. Kama hazipo, mifuko miwili ya plastiki mikononi inafaa. Unaweza kumfunga mdomo kwa kitambaa laini, lakini si kama anahema kwa shida au anatapika. Watoto wakae mbali. Najua watalia.

Kama damu inatoka, bana kwa kitambaa safi kwa dakika tano mfululizo bila kufunua kuchungulia. Kisha tazama fizi. Fizi za mbwa mzima kwa kawaida huwa za pinki (baadhi ya mbwa wana fizi nyeusi kiasili, hao utatazama upande wa ndani wa kope). Zikiwa nyeupe na mwili umepoa, anapoteza damu ndani au nje, na hiyo ni safari ya haraka kwa daktari wa mifugo.

Kinachowadanganya wengi ni udogo wa tundu. Mbwa mkubwa akimkamata mdogo humtikisa. Ngozi ya mbwa imelegea, hivyo jino linaacha tundu dogo kama la msumari wakati chini yake nyama imechanika, na akishikwa kifuani au tumboni, mbavu, mapafu au utumbo huweza kuwa vimeumia. Mtoto wa mbwa anaweza kula na kutembea jioni ile, halafu siku ya tatu akawa na uvimbe wa moto unaonuka usaha. Ndiyo maana jeraha la kung'atwa linahitaji daktari hata kama linaonekana la kupuuzwa, na lile la kifuani, tumboni, shingoni au karibu na jicho halisubiri asubuhi.

Ukiwa njiani au unamsubiri daktari, suuza majeraha kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Basi. Spiriti, mafuta ya taa, majivu na ile oili chafu ya gereji inayosifiwa kila mtaa vinaunguza nyama na kuchelewesha kupona. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa tumbo na kuua figo zake, na parasetamoli nayo ni sumu kwake kwa kiasi kidogo kuliko unavyofikiri. Antibiotiki zilizobaki kwenye kabati kutoka homa ya mwaka jana, ziache huko huko. Na usishangae daktari akikataa kushona tundu. Mengi ya majeraha haya huachwa wazi kwa makusudi ili uchafu utoke.

Mbwa aliyeng'ata ni wa nani?

Kama ni wa jirani, nenda mapema na uende kwa upole. "Shikamoo mama, mbwa wetu wameumana, naomba tuangalie kadi ya chanjo" inafungua milango ambayo malalamiko huifunga. Kadi ikionyesha chanjo ya kichaa ambayo haijapitwa na muda, hofu inapungua sana. Hata hivyo, mkubaliane mbwa huyo afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Mbwa anayetoa virusi kwenye mate huugua na kufa ndani ya muda huo, hivyo akiwa mzima siku ya 10, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Lakini mtu aliyeng'atwa hangoji hizo siku 10. Anaanza chanjo, na daktari ndiye atakayesema kama inaweza kusitishwa.

Mbwa asiyejulikana, au aliyekuwa akitoa udenda, akiyumba, akilia kwa sauti iliyopasuka au kung'ata hata mawe, ni habari ya kumfikishia afisa mifugo wa kata na mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo. Wasiachiwe vijana wamfukuze kwa marungu. Zaidi ya hatari ya wao kung'atwa, kipimo cha kuthibitisha kichaa hufanywa kwenye ubongo, na kichwa kilichopondwa huharibu ushahidi ambao madaktari wa mtoto wako wangeuhitaji.

Uamuzi mgumu

Kama Simba alikuwa amechanjwa, kwa kawaida daktari wa mifugo atamwongezea dozi mara moja na kukuagiza umwangalie nyumbani kwa siku 45. Tatizo ni kwamba chanjo hii kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu, kwa hiyo wengi wanaong'atwa wakiwa wadogo hawana kinga yoyote.

Kwa mtoto wa mbwa asiyechanjwa aliyeng'atwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa, njia zinazopendekezwa na wataalamu ni mbili: kumlaza kwa sindano, au kumtenga kabisa kwa miezi minne hadi sita. Kutenga maana yake ni banda lenye komeo, mtu mzima mmoja wa kumlisha, na hakuna mtoto wa kumgusa. Wenye uwanja na uzio wanaweza. Kwenye nyumba ya kupanga yenye familia sita na choo kimoja uani, sioni namna, na nadhani ni vema daktari akisema hivyo mapema kuliko kuipa familia matumaini ya miezi sita.

Njia ya tatu, inayotumika sana na iliyo mbaya kuliko zote, ni kumpeleka kijijini kwa bibi au kumwachia mtu anayetafuta mbwa wa kulinda shamba. Huko nako kuna watoto, na zahanati huenda ikawa mbali zaidi.

Mtoto mwambie kilichotokea kwa maneno yanayolingana na umri wake. Ukimwambia Simba ametoroka, atamtafuta mitaani, na atamwita kila mbwa anayefanana naye.

Ugonjwa huu unazuilika kabisa. Pemba ilifanikiwa kuuondoa mwaka 2014 baada ya kampeni za kuchanja mbwa, ukaingia tena mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, na chanjo zikauondoa tena mwaka 2018. Kipimo kinachotumika duniani ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100, na WHO inataka kampeni hizo ziwachanje hata watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja bure au kwa bei ndogo, hivyo muulize afisa mifugo wako kuanzia mwanzoni mwa mwezi huo.

Kama ndiyo kwanza unataka kuwanunulia watoto mbwa, mwombe muuzaji kadi kabla ya kutoa hela, na mpaka chanjo ifike mtembeze ndani ya uzio tu. Ukishaipata, ipige picha uihifadhi kwenye simu. Kadi ya karatasi hukaa kwenye droo ileile ya risiti za umeme, na siku unapoihitaji mara nyingi ni usiku.