Mwenye Lori na Mkataba Wake

Mwezi wa Shaaban uliopita mpwa wangu alinijia hapa Columbus baada ya Isha, bahasha nene kwapani. Alinipa shikamoo, akakaa, chai hakuigusa. "Mjomba," akasema, "wewe ni mwalimu. Nisomee karatasi hizi, mimi zimenishinda."

Kwa jamaa zetu wa Muscat na London wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Vijana wetu wengi wa Marekani hununua kichwa cha lori, kisha hukikodisha, na wao wenyewe wakiwa madereva wake, kwa kampuni yenye idhini ya kubeba mizigo baina ya majimbo. Kampuni hutafuta mzigo, hupokea nauli, hukata zake, na kila wiki humpa mwenye lori karatasi ya hesabu na kinachobaki. Mpwa wangu aliahidiwa asilimia 75 ya nauli. Alipotaka kuona ankara za mizigo aliyobeba, aliambiwa hiyo ni siri ya kampuni. Tena alikatwa dola 100 kila wiki ziwe amana, mpaka zikatimia 2,500. Ameacha kazi, miezi mitatu imepita, na amana hajaiona.

Nilikaa na mkataba ule siku tatu, kamusi ubavuni. Kisha nikatafuta sheria yenyewe, na hapo ndipo nilipostaajabu, maana kijana alikuwa na haki ambazo hakuna aliyemtajia. Serikali kuu ya Marekani ina kanuni za ukodishaji wa malori tangu 1979. Ziliwekwa na Interstate Commerce Commission, na tume hiyo ilipovunjwa mwisho wa 1995 kanuni zilibaki. Leo zimo katika Fungu la 49, Sehemu ya 376, na kila mtu aweza kuzisoma.

Malipo yatakayotolewa hayana budi kuandikwa wazi katika mkataba. Mwenye lori akishatoa hati za mzigo na daftari lake la safari, alipwe ndani ya siku 15. Ikiwa analipwa kwa asilimia, apewe nakala ya ankara kabla ya kulipwa au papo hapo anapolipwa. Kampuni yaruhusiwa kufuta majina ya wateja wake, lakini kiasi cha nauli hakifichwi. Basi ile "siri" haikuwa siri hata kidogo. Kila makato nayo yatajwe mkatabani, pamoja na jinsi yanavyohesabiwa, na mwenye lori aonyeshwe stakabadhi akizitaka. Wala hawezi kulazimishwa kununua mafuta, matairi au bima kwa kampuni ili apate kazi.

Juu ya amana kanuni ni kali zaidi. Mkataba utaje ni ya nini. Mwenyewe aweza kudai hesabu yake wakati wowote. Mkataba ukiisha, irudishwe si zaidi ya siku 45, na kisichoandikwa mkatabani hakikatwi humo. Kampuni yatakiwa pia kuilipia faida kila baada ya miezi mitatu. Habari ya riba hiyo nawaachia masheikhe.

Sisi tuliosoma chuoni twaikumbuka aya ya deni, ndefu kuliko zote katika Qurani. Humo anayemsomea mwandishi maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa, asije akaongezewa. Huku kampuni ndiyo inayoandika yote, na kijana hutia sahihi akiwa amesimama, injini inanguruma nje. Hata nakala hana, na hali kanuni zasema moja ikae ndani ya lori na nyingine abaki nayo mwenyewe.

Anayedhulumiwa aweza kwenda mahakamani mwenyewe, bila kungoja serikali, na akishinda kampuni yaweza kutakiwa kulipa wakili wake. Mikataba mingi husema ugomvi uende kwa msuluhishi wa faragha. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya New Prime na Oliveira, iliamua kwamba sheria ya usuluhishi ya serikali kuu haiwabani madereva wa safari za baina ya majimbo, hata wakiitwa wakandarasi wa kujitegemea. Lakini majimbo nayo yana sheria zao za usuluhishi, kwa hiyo hapo aulizwe wakili, si mwalimu mstaafu.

Wale wanaochukua lori kwa kampuni hiyo hiyo, wakililipia kidogo kidogo kwa makato, wawe na tahadhari zaidi. Kazi ikikatika, lori hurudi kwa mwenyewe na pesa zimekwenda.

Tuliandika barua moja, ya adabu. Tulitaja kifungu cha amana na cha ankara, tukaweka tarehe, tukaituma kwa rejista. Baada ya siku 19 ikaja hundi ya dola 2,140, na orodha ya makato mawili. Dola 180 za kibali zimo mkatabani, tumezikubali. Dola 180 nyingine ni za kuosha trela, na mkataba hauna neno hilo popote. Barua ya pili imekwenda Jumatatu.